Shaba Iliyobaki Nyumbani

Babu alipofariki hakuacha nyumba ya matofali wala fedha benki. Aliacha baiskeli, taa ya reli yenye vioo vya rangi nyekundu na kijani, na mfuko wa ngozi ya paa wenye viko vitatu. Kwa desturi yetu mali ya mwanamume huwafuata watoto wa dada yake, na wapwa zake walikuja, wakaketi, wakala, wakagawana. Baiskeli ilipata mwenyewe. Taa nayo ikapata mwenyewe. Mfuko ukapita mkono kwa mkono, ukafunguliwa, ukanuswa, ukarudishwa mkekani. Hakuna aliyeutaka. Bibi alingoja hadi wageni wote wakaondoka, akaniita kama bibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. "Mume wangu," akasema, "chukua hivi. Vinataka mtu asiye na haraka."

Nimeishi navyo tangu siku hizo. Kadiri ninavyovishika ndivyo ninavyozidi kuiheshimu mikono iliyovitengeneza, na ndivyo ninavyozidi kusononeka kwamba mikono ya namna hiyo imeadimika katika nchi yenye kila kitu cha kufanyia kazi. Nawaandikia shukrani mafundi hao, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Kwetu ni Mutshatsha, Kongo, magharibi ya Kolwezi, mji uliokua kandokando ya reli. Njia hiyo inatoka Tenke, inapita Kolwezi, inapita kwetu, inafika Dilolo mpakani, kisha inakata Angola nzima hadi bandari ya Lobito. Ilipokamilika mwaka 1931, shaba ya Katanga ilipata njia fupi ya kwenda Atlantiki, na vijana wa vijiji vya Walunda, Wandembo na Wachokwe wakapata kazi ya koleo na nyundo. Babu aliwafuata baadaye. Alianza kwa kubeba mataruma enzi ya kampuni ya BCK, akaishia kuwa kapita wa kundi la watengeneza njia. Mchana alitembea juu ya mataruma akitafuta misumari iliyolegea. Jioni alivuta kiko. Hakuvuta kazini, wala hakuvuta akitembea. Kiko kilikuwa na mahali pake na wakati wake, na mtu aliyemjia na jambo la haraka wakati huo aliambiwa akae kwanza.

Kiko cha kwanza kati ya vile vitatu ni cha Ulaya: kifupi, cheusi, chenye mhuri wa Saint-Claude, mji wa milimani mashariki ya Ufaransa unaosifika kwa kazi ya viko tangu karne ya 19. Kiko cha namna hiyo hutengenezwa kwa fundo la mzizi wa mti mdogo unaoota kwenye vilima vikavu vya pwani ya Mediterania. Fundo hilo huchemshwa kwa saa nyingi, hukaushwa kwa miezi, ndipo lichongwe, na likiwa limetengenezwa vizuri hustahimili moto miaka na miaka. Mkuu wa stesheni, Mbelgiji, alimwachia babu kiko hicho alipofunga masanduku yake mwaka 1960. Babu alikitunza, akakipaka mafuta, akakivuta siku za sikukuu. Alimheshimu fundi wake, ingawa hakuwahi kujua nchi yake ilikuwaje.

Cha pili ni mutopa, kiko cha maji. Ni kibuyu chenye shingo ndefu, kilichokaushwa juu ya moshi wa jiko mpaka kikawa na rangi ya asali. Ubavuni kimetobolewa tundu moja, na humo hupachikwa digali la tete lililobeba bori la udongo. Moshi hushuka, hupita majini, hupanda ukiwa umepoa. Malio ya kiko hicho ndiyo sauti ya jioni ninayoikumbuka kuliko zote za utotoni. Watoto tulijua kwa malio hayo kama wazee wamepatana au bado: yakilia kwa zamu, polepole, kesi imekwisha, yakinyamaza muda mrefu, kuna aliyeghadhibika. Viko vya namna hii vimefanya makubwa katika nchi hii. Kaskazini yetu, kwa Baluluwa wa Kasai, chifu Kalamba Mukenge alijenga utawala na dini kwa kiko kilichojazwa bangi, wafuasi wake wakijiita Bena Diamba, na Wajerumani Pogge na Wissmann walipopita huko mwaka 1881 waliwakuta watu hao wakikaribishana kwa moshi mahali ambapo zamani walikuwa wakipigana. Kibuyu cha babu hakikujua mambo hayo. Kilijua tumbaku na kesi za mbuzi.

Lakini kiko nilichokusudia kukisifu ni cha tatu, nacho ni cha Kichokwe. Mrija wake ni wa mulombwa, mti ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita mninga, unaotoa utomvu mwekundu ukikatwa. Urefu wake ni shubiri mbili. Bori ni la udongo, lenye mdomo mnene, limechorwa mistari kwa kitu chenye ncha udongo ulipokuwa bado mbichi. Mahali mrija unapokutana na bori, mchongaji ameacha kichwa cha mtu: paji pana, macho yaliyofumbwa nusu, mdomo uliotulia. Kisha, kuanzia shingo ya kichwa hicho hadi karibu na midomo ya mvutaji, mrija umezungushiwa waya wa shaba, mzunguko kwa mzunguko, bila nafasi ya kupitisha ukucha.

Nimeutazama waya huo saa nyingi. Haukutoka kiwandani. Ukiugeuza kwenye jua la asubuhi utaona unene wake unabadilika kidogo kidogo, na utaona mikwaruzo myembamba iliyokwenda na urefu wake, iliyoachwa na tundu la chuma ulipokuwa ukivutwa. Hakuna gundi, hakuna msumari. Ncha ya mwanzo imelazwa chini ya mizunguko iliyofuata, na ncha ya mwisho imerudishwa ndani vivyo hivyo, hata waya unajishika wenyewe. Pale vidole vya wavutaji vilipozoea kukaa, shaba inang'aa nyekundu. Kwingine imetulia katika rangi ya kahawia. Vidole hivyo ni vya watu wasiopungua watatu: mjomba wa babu, babu, na mimi. Ung'avu wa mahali pamoja unaonyesha kwamba sote tulikishika vilevile, maana kiko chenyewe ndicho kinachoufundisha mkono pa kushika.

Nilidhani waya ni pambo tu mpaka babu aliponifunza kazi yake. Nilikuwa kijana niliyeanza kuota ndevu. Akanipa kiko kikiwaka, akakishika kidole changu cha shahada, akakiweka juu ya shaba, karibu na shingo ya kile kichwa.

"Kambo, vuta," akaniambia, maana kwetu babu na mjukuu huitana jina moja.

Nikavuta kwa pupa, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Shaba ikaanza kupata moto chini ya kidole.

"Inakuambia nini?"

"Inaniunguza, kambo."

"Inakuambia unakula peke yako. Punguza."

Nikapunguza, na shaba ikapoa. Fundi aliyezungusha waya huo alijua kwamba shaba hupitisha joto upesi kuliko mti, akampa mvutaji kipimo cha kumwonya kabla moto haujaharibu mrija na ulimi wake. Alijua pia kwamba kuanzia Mei hadi Septemba hewa ya nyanda zetu hukauka hata mbao zikapasuka zenyewe, ndiyo maana akaukaza mti kwa mzunguko wa shaba usioweza kufunguka. Pambo, kipimo na mkanda, vyote vitatu katika uzi mmoja wa chuma. Sijaona katika vitu vya siku hizi, vilivyojaa sehemu na vitufe, kitu kilichofikiriwa vizuri hivyo.

Tumbaku yake ilitoka nyuma ya nyumba. Babu aliipanda mahali palipomwagwa majivu, akaiacha ikauke chini ya uchaga, bibi akaitwanga na kuifinyanga mabonge yaliyoanikwa juu ya ungo. Jioni babu alimega kipande, akakisugua kiganjani hadi kikawa laini, akakiweka ndani ya bori kwa kidole gumba bila kukishindilia. Kaa la moto alilichagua mwenyewe. Alikataa kaa kubwa, alikataa kaa lenye ulimi wa moto, alitafuta lile dogo lililoiva mpaka ndani na kuvaa majivu membamba juu. Alilishika kwa vidole vyake vya kapita, vigumu kwa kazi, akaliweka juu ya tumbaku, akangoja. Moshi wa kwanza hakuumeza. Aliuachia utoke wenyewe, akasema jina la mjomba wake, ndipo akaanza kuvuta.

Nilimuuliza mara nyingi waya ule ulitoka wapi. Alijibu, "Hapa," akaonyesha ardhi. Nimekuja kuona kwamba jibu hilo lilikuwa kamili. Karne nyingi kabla ya kampuni yoyote kuundwa, watu wa nchi hii, Basanga miongoni mwao, walikuwa wakiokota mawe ya kijani ya malakiti juu ya vilima visivyoota miti, wakayayeyusha kiangazi katika tanuru za udongo wa kichuguu kwa makaa na mivuo, wakapata misalaba ya shaba iliyokuwa fedha na mahari kutoka Luapula hadi Kasai. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, aliyewaandika kwa jina la wala shaba, aliwapata wazee waliokuwa bado wanaijua kazi hiyo katika miaka ya 1920, wakati tanuru za Union Minière zilikuwa tayari zinafuka moshi Lubumbashi.

Kutoka kwenye msalaba hadi kwenye waya kuna safari nyingine, na waliosifika kwa safari hiyo ni Bayeke. Walitoka upande wa Unyamwezi katikati ya karne ya 19 wakimfuata Msiri, wakajenga Bunkeya, ambayo leo iko katika jimbo letu la Lualaba. Wahunzi wao waliifua shaba ikawa fimbo nyembamba, wakaichonga ncha, wakaipitisha katika tundu la bamba la chuma, wakaivuta kwa nguvu ya mwili mzima, kisha katika tundu dogo zaidi, na dogo zaidi, hadi ikawa nyembamba ya kusukwa bangili. Msiri aliuawa Desemba 1891 kwa risasi ya msafara wa Mfalme Leopold, lakini wavuta waya waliendelea kuvuta. Na Wachokwe, waliotoka Angola wakitafuta pembe, nta na mpira, walikuja na mchongaji wao, songi, ambaye mkono wake ulizoea kumchonga Chibinda Ilunga, yule mwindaji aliyemwoa Lueji wa Walunda na kuwa asili ya ufalme wa Mwant Yav. Tumbaku yenyewe ilikuwa mgeni kutoka Amerika, iliyopokewa pwani ya Angola kutoka kwa Wareno na kupandishwa bara na misafara. Wote hao wamekutana katika kitu cha shubiri mbili. Jiwe lilichimbwa hapa, likayeyushwa hapa, likavutwa hapa, likazungushwa juu ya mti wa hapa, likamfikia mtu wa hapa. Halikupanda treni.

Mahali pa kiko hicho palikuwa chota, ule ukumbi wa duara wa katikati ya kijiji, usio na kuta, ambamo wanaume hupokea wageni na kuamua mashauri. Kilipokelewa kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiushika wa kulia kwenye kiwiko. Hakikurukishwa juu ya mtu. Mdogo alikiwasha, mkubwa akakianza, na mgeni alikipata kabla ya wenyeji. Aliyekuwa na ugomvi na mwenzake hakuweza kukikataa kilipomfikia kutoka kwa huyo mwenzake, isipokuwa awe tayari kutangaza mbele ya wote kwamba hataki amani. Nimewaona wanaume wawili waliokuja na mapanga wakikaa kimya, kila mmoja akingoja kiko kitoke upande wa mwingine. Kiko kirefu huchukua muda kuzunguka, na hasira nyingi hazidumu muda huo.

Mwezi wa Machi 1977 waasi wa FNLC walivuka kutoka Angola, na kabla mwezi haujaisha Mutshatsha ilikuwa mikononi mwao. Ilirudishwa mwishoni mwa Aprili, majeshi ya Moroko yakiwa yamekuja kuisaidia serikali ya Mobutu. Kati ya hapo watu walilala porini. Bibi alibeba sufuria, chumvi na mtoto. Babu alibeba mfuko wa ngozi ya paa. Bibi alimlaumu kwa hilo kwa muda mrefu, kisha akaacha, kwa sababu kule porini, walipokutana na familia za vijiji ambavyo hawakuelewana navyo tangu zamani, kiko ndicho kilichotangulia kuombwa na ndicho kilichowafanya wagawiwe muhogo. Reli ilikuwa imekatwa tangu 1975 kwa vita vya Angola, mshahara haukuwa wa kutegemewa, na kitu pekee katika kazi za mikono ya binadamu kilichoendelea kumhudumia babu bila kumdai ni kile kijiti chenye waya.

Miaka kadhaa iliyopita waya huo ulilegea. Mzunguko wa juu ulikatika penye ncha, na mingine ikaanza kufunguka. Nilikwenda Kolwezi kutafuta mtu wa kuurekebisha. Nilidhani ni kazi rahisi, maana Kolwezi ni shaba tupu: imo ardhini chini ya nyumba, imo katika vumbi la barabara, imo katika malori yanayopanga foleni usiku na mchana. Nilizunguka soko hadi soko. Waya niliouziwa ulikuwa umechunwa kwenye nyaya za umeme, laini, sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, bado una harufu ya plastiki iliyochomwa. Fundi mmoja wa vyuma alinishauri nifunge utepe wa nailoni. Mwingine alikitazama kiko, akaniuliza Wazungu wananunua kwa kiasi gani. Penye miti hapana wajenzi, wahenga walisema, na sikuwahi kuliona neno hilo likisimama wazi mbele ya macho yangu kama siku ile.

Aliyenisaidia anaishi kijijini, mwendo wa kutwa kwa baiskeli kutoka Mutshatsha. Ni mzee wa Kichokwe anayechonga vinu na mipini, na zamani alichonga sura za mukanda, yaani jando. Alikipokea kiko kwa mikono miwili. Hakuniuliza bei wala haraka yangu. Alikinusa, akaweka kidole gumba chake penye ung'avu wa shaba, akacheka kidogo kwa kuona kinatosha. Kisha akaufungua waya wote, taratibu, akiukusanya kwenye mti mnene ili usikunjike.

Ulikuwa mgumu, tayari kuvunjika. Mzee akachochea makaa, akaulaza waya juu yake hadi ukawa mwekundu, akautumbukiza ghafla katika maji. Nilishtuka, kwa kuwa nimewaona wahunzi wakifanya vivyo hivyo kwa chuma ili kikomae. Akaniambia shaba ina tabia yake: chuma kikitoka motoni na kuingia majini huwa kigumu, shaba hulainika. Akautoa, akaufuta kwa majivu, na waya uliokuwa ukilia kwa ukavu ukawa unatii kidole. Aliusafisha mrija kwa fimbo ya chuma iliyotiwa moto, akaipitisha ndani polepole huku akiizungusha, na masizi ya mjomba, ya babu na yangu yakatoka kwa moshi mzito wenye harufu tamu. Halafu akaanza kuzungusha. Mguu mmoja ulibana ncha ya mti, meno yalishika ncha ya waya, mkono wa kushoto uligeuza mrija, gumba la kulia lilisukuma kila mzunguko uguse uliotangulia. Hakupima kwa chochote. Jua lilipoanza kushuka alikuwa amefika karibu na mwisho, na waya ukaisha.

Sehemu iliyovunjika ilikuwa imepotea, na bila hiyo ulibaki upungufu wa upana wa vidole viwili. Nilimtolea waya wa Kolwezi. Akaushika, akaukunja, akautazama, akanirudishia. "Huu ni mzuri kwa taa," alisema. "Kwa mti huu utateleza, haujui kuuma." Waya uliovutwa kwa mkono una mikwaruzo inayoshika mbao. Nikamuuliza ni nani anayevuta waya siku hizi. Akataja watu wawili, wote marehemu. Nikamuuliza ni nani anayejifunza kwake. Akaniangalia kwa upole, akaendelea kuficha ncha ya waya chini ya mzunguko wa mwisho.

Nchi yetu sasa ni ya pili duniani kwa kutoa shaba, baada ya Chile. Kila mwaka inatoka zaidi ya tani milioni 2. Magharibi ya Kolwezi, upande wetu, mgodi wa Kamoa-Kakula ulianza kutoa shaba mwaka 2021, na reli aliyoihudumia babu inafufuliwa ili mizigo ifike Lobito upesi zaidi. Nafurahi kuona treni. Nafurahi kwa kila kijana anayepata mshahara. Lakini shaba hiyo inapita kwetu ikiwa unga katika magunia au mabamba yaliyofungwa kwa mikanda, na mtoto wa Mutshatsha anaweza kuzaliwa, kukua na kuzeeka kando ya njia hiyo bila kukishika kitu hata kimoja cha shaba kilichofanywa na mtu anayemjua. Mababu zetu walichimba kidogo, wakamaliza walichokichimba. Sisi tunachimba milima na hatumalizi hata kijiti.

Wala msiba huu si wetu peke yetu. Arusha nako, katika miaka ya 1960, kulichongwa viko kwa jiwe jeupe jepesi lililotoka Sinya, karibu na Amboseli, vikapigwa alama ya tembo na kuvutwa mpaka Ulaya. Jiwe lilitoka Tanganyika likiwa limekwisha kuwa kitu. Kila ninapofikiria hilo najua kwamba hapana sheria ya mbinguni inayotuamuru tuuze vumbi tu.

Viko vya Kichokwe navyo vimehama. Vimo Tervuren, karibu na Brussels, nyuma ya vioo. Vimo katika minada, kila kimoja kikipewa namba na maelezo ya umri na mtindo. Marie-Louise Bastin, aliyetoa kitabu chake kikubwa juu ya sanaa ya mapambo ya Wachokwe mwaka 1961, alivitazama kwa upendo wa kweli, na tunamshukuru. Lakini kiko nyuma ya kioo hakipati moto, mti wake haunywi mafuta ya mkono, shaba yake haionyi mtu. Na soko limezaa aibu nyingine: viko vinavyochongwa haraka kwa mti mbichi, vikapakwa dawa ya viatu na kufukizwa moshi ili vionekane vya kale, vikiwa havijatobolewa hata tundu la kupitisha pumzi. Anayenunua hapulizi kujaribu. Anayeuza anajua hatapuliza. Huo ndio udanganyifu unaoniuma kuliko wizi, kwa sababu unamfundisha kijana mwenye kipaji kwamba sura ya kazi inatosha na kazi yenyewe si lazima.

Tumbaku ina madhara, na madaktari wanaotuonya wanasema kweli. Kikohozi cha babu katika miaka yake ya mwisho nilikisikia kupitia ukuta. Kwa hiyo simhimizi mtu avute. Mimi navuta mara chache, katika bori dogo, jioni za Jumapili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nakaa tu na kiko mkononi. Hata hivyo ni starehe kubwa. Moshi ukipita katika mulombwa huchukua harufu ya mti, bori likipata moto hutoa harufu ya mvua ya kwanza, na gumba langu likitulia juu ya shaba najua kiasi cha haraka nilichonacho siku hiyo. Kijana anayekuja kunisalimu akiwa na sigara aliyoinunua moja moja kwenye kibanda huimaliza na kuikanyaga kabla sijamaliza kusugua tumbaku kiganjani. Hana hatia. Amepewa kitu cha kutupwa, akakitupa.

Ule upungufu wa vidole viwili bado upo juu ya mrija. Nimekataa kuuziba kwa nailoni, na nimekataa kuuziba kwa waya wa taa. Kazi ya kuuziba inamngoja mtu atakayefua kipande cha shaba ya Lualaba, akakivuta katika tundu la chuma hadi kiwe uzi, na kilo moja ingemtosha kwa viko vya jimbo zima. Mawe ya kijani yapo, tena mengi kuliko wakati wowote katika historia yetu. Makaa yapo. Mulombwa bado unaota, ingawa wakata mbao wanaufuata mbio. Yule mzee yupo hai, macho yake bado yanaona, na kila asubuhi anachonga mwenyewe, peke yake, kijijini penye vijana wengi. Wazee hawakutunyima ujuzi wao. Walikaa nao chota, mchana kweupe, miaka mingi, na sisi tukapita barabarani tukielekea machimboni, hatukuingia kukaa.